Mchungaji Naye Ana Shingo: Uhakiki wa Kitabu cha Henri Nouwen juu ya Mwana Mpotevu

Utangulizi

Mwaka 1992 Henri Nouwen, padre Mholanzi wa Kanisa Katoliki, alitoa kitabu kuhusu mfano wa mwana mpotevu (Luka 15:11-32) kama ulivyochorwa na Rembrandt. Zaidi ya miaka 30 imepita tangu hapo, na kitabu hicho kingali kikisomwa na kutumiwa katika mahubiri na mafungo ya wachungaji, wakiwamo Walutheri. Kwa kawaida hutajwa kuwa ni kitabu juu ya msamaha. Hilo ni kweli, lakini msomaji makini ataona kwamba jambo lililomsukuma mwandishi kushika kalamu lilikuwa mikono miwili iliyowekwa juu ya mabega ya mtu. Kwa hiyo ni kitabu pia juu ya haja ya mwanadamu ya kuguswa kwa upendo, na haja hiyo theolojia yetu huizungumza kwa nadra.

Makala hii inakusudia kukipima kitabu hicho kwa mambo matatu: picha yenyewe, maneno ya mwinjili Luka, na hali ya mtumishi wa Neno katika makanisa yetu. Hoja yangu ni kwamba Nouwen aliiona haja hii kwa uwazi kuliko waandishi wengi wa kanisa, lakini aliiacha njiani. Anaanza akiwa mtu anayetamani kukumbatiwa. Anamaliza akiwa mtu ambaye wito wake ni kuwakumbatia wengine. Katika kuvuka huko, haja ile ya kwanza inabaki nyuma kama nguo ya utotoni. Luka hakuiacha hivyo, na sisi tukiiacha hivyo twajidhuru wenyewe na kundi tulilokabidhiwa.

1. Kitabu na chanzo chake

Nouwen alizaliwa Uholanzi mwaka 1932, akapewa upadre mwaka 1957, kisha akafundisha katika vyuo vikuu vya Notre Dame, Yale na Harvard huko Marekani. Mwaka 1983 alikuwa Trosly, kijiji cha Ufaransa ilikoanzia jumuiya ya L'Arche, ambamo watu wenye ulemavu wa akili huishi nyumba moja na wasaidizi wao. Alikuwa ametoka katika safari ndefu ya kutoa mihadhara juu ya vita na dhuluma katika Amerika ya Kati, naye alikuwa amechoka mwili na roho. Hapo ndipo alipoiona nakala ya picha ya Rembrandt ikiwa imebandikwa mlangoni. Anaeleza bila kuficha kwamba wakati ule hakutamani kitu kingine ila kuwa mahali pa yule kijana aliyepiga magoti. Mwaka 1986 alisafiri hadi Leningrad, mji ambao leo ni St. Petersburg, akakaa saa nyingi mbele ya picha yenyewe katika jumba la makumbusho la Hermitage. Mwaka huo huo alihamia Daybreak, jumuiya ya L'Arche karibu na Toronto nchini Kanada, akawa mchungaji wao hadi alipofariki mwaka 1996.

Kitabu kina sehemu kuu tatu: mwana mdogo, mwana mkubwa, na baba. Mwandishi anajiona kwanza katika mdogo, kisha, kwa maumivu zaidi, katika mkubwa, na mwisho anasikia kwamba ameitwa awe baba. Mpango huu ni mwepesi kufuatwa, na ndio sababu wahubiri wengi wameuazima.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni ukweli wake. Mwalimu wa chuo kikuu, padre, mwandishi wa vitabu vingi, anakiri mbele ya wasomaji wake kwamba ana njaa ya kushikwa. Ndugu watumishi, ni wangapi kati yetu tungethubutu kuandika hivyo? Tunakiri kwa urahisi uchache wa imani yetu, hata ubaridi wa sala zetu. Lakini kusema kwamba mwili wangu unahitaji mkono wa mtu ni jambo tunaloliona la aibu, kana kwamba upako ulituondolea ngozi.

2. Mikono katika picha

Rembrandt aliichora picha hii katika miaka yake ya mwisho. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1669. Ni picha kubwa, yenye kimo cha zaidi ya meta mbili na nusu. Kijana amepiga magoti, mgongo wake ukitutazama sisi, kichwa kimenyolewa na kulazwa kifuani mwa baba. Kiatu kimoja kimemtoka na wayo uko wazi. Kingine kimelika kisiginoni. Baba ni mzee sana, macho yake yanaonekana kama yamefifia. Nuru yote ya picha imekusanyika usoni pake na juu ya mikono yake.

Nouwen anaitazama mikono hiyo kwa utulivu wa ajabu. Anaona kwamba haifanani. Wa kushoto ni mpana, una nguvu, umeshika bega la kijana. Wa kulia ni laini, umelala juu ya mgongo kama mkono wa mama anayembembeleza mtoto. Kutokana na hayo anasema kwamba Mungu anayetupokea ni baba na mama pamoja. Wataalamu wa sanaa wanaweza kujadiliana naye, lakini kwa mhubiri uchunguzi huu una faida kubwa, kwa maana unamkumbusha kwamba neema ina uzito unaoweza kuhisiwa begani.

Hata hivyo Rembrandt hakuanzia hapa. Mwaka 1636, akiwa na umri wa miaka 30, alikuwa tayari ameuchora mfano huu kwa nakshi ya shaba. Pale baba anakuja kwa haraka, anainama juu ya kijana aliyekonda, na kila kitu kina mwendo. Katika picha ya uzeeni mwendo umekoma. Kati ya kazi hizo mbili Rembrandt alimzika mkewe Saskia mwaka 1642, na katika watoto wao wanne ni Titus peke yake aliyevuka utoto. Naye Titus alifariki mwaka 1668. Mtu aliyezika hivyo hana haraka tena ya kuonyesha mbio. Anaonyesha jinsi mtu anavyoshikwa, na jinsi anavyoshika mtu ambaye hataki kumwachia.

Upande wa kulia amesimama mtu mrefu, naye amevaa joho jekundu kama la baba. Nouwen, pamoja na wengi, anamtambua kuwa ndiye mwana mkubwa. Mikono yake ameifumbata juu ya fimbo. Nouwen anajua vema kwamba katika Luka mwana mkubwa hakuwapo wakati wa kukumbatiana, alikuwa shambani. Lakini Rembrandt amemleta karibu ili tuione mikono ya namna mbili katika chumba kimoja: iliyofunguka na iliyofungana. Sehemu hii ya kitabu, juu ya mwana aliyebaki nyumbani bila kuguswa, ndiyo iliyo bora kupita zote. Mtumishi mwaminifu ambaye hajawahi kutoroka aweza kukaa nyumbani miaka mingi bila mtu kumwekea mkono begani, kwa sababu kila mmoja hudhani kwamba yeye hahitaji.

3. Luka asemavyo

Nouwen si mfafanuzi wa Maandiko kwa kazi yake, wala hajidai kuwa hivyo. Lakini mahali hapa lugha ya Luka ingemsaidia sana. Katika mstari wa 20 kuna mfululizo wa vitenzi: baba anamwona, anaguswa na huruma hata ndani ya tumbo (splagkhnizomai), anakimbia, anamwangukia shingoni, anambusu. Kitenzi cha mwisho, kataphileo, si busu la kawaida bali la kurudiwarudiwa, au la moyo wote. Luka analitumia neno hilo pia kwa yule mwanamke aliyeibusu miguu ya Yesu (Luka 7:38, 45).

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, ni mpangilio wa mistari. Kijana ametunga hotuba yake akiwa bado kwa nguruwe (mstari 18-19), lakini kukumbatiwa kunakuja katika mstari wa 20, na maungamo katika mstari wa 21. Tena, anapoungama, sehemu ya mwisho ya hotuba, ile ya kuomba kuwa kama mmoja wa watumishi wa mshahara, haimo. Mtu hawezi kuomba kazi ya kibarua akiwa kifuani mwa baba yake. Kule kukumbatiwa kumekwisha kuvunja mkataba ule kabla haujaandikwa. Mlutheri atatambua hapa fundisho la kuhesabiwa haki kwa neema, nalo limefundishwa kwa mikono kabla ya kufundishwa kwa maneno.

Pili, Luka anatumia maneno hayo hayo mahali pengine. Katika Matendo 20:37, pale Mileto, wazee wa kanisa la Efeso wanalia sana, wanamwangukia Paulo shingoni, wanambusu. Ni shingo ile ile na kitenzi kile kile. Lakini tazama nani anakumbatiwa: si mpotevu aliyerudi, wala si mtoto. Ni mtume wa Bwana, mwenye umri na mamlaka, aliyekwisha kuhubiri na kupiga magoti na kuomba pamoja nao. Kwa mwandishi mmoja, haja ya mwana mpotevu na haja ya mtume zimepewa maneno mamoja. Hapo ndipo kitabu cha Nouwen kinapohitaji kusahihishwa.

4. Pale kitabu kinapopungua

Katika sehemu ya tatu Nouwen anahimiza kwamba hatuitwi kubaki wana daima. Twaitwa tuwe kama Baba aliye na huruma. Njia tatu za kufikia ubaba huo, asema, ni huzuni, msamaha na ukarimu. Anafunga kitabu akiitazama mikono yake mwenyewe iliyoanza kuzeeka, akiielewa kuwa amepewa ili aiweke juu ya mabega ya wote wanaokuja. Ni mafundisho mema. Wala hatusemi kwamba Nouwen hakujua upweke wa mtu mzima. Miongo yote ya maandishi yake inashuhudia kinyume.

Upungufu uko katika mwelekeo wa kitabu. Mguso umegeuka kuwa kazi. Mikono iliyotamaniwa mwanzoni kwa ajili ya joto lake imekuwa mwishoni ishara ya baraka, na baba anayebariki anaonyeshwa kama mtu aliyeshiba asiyehitaji kitu. Lakini baba wa Luka hakusimama mlangoni akisubiri kubariki. Alikimbia. Mzee hakimbii barabarani mbele ya watumishi wake kwa sababu ya wajibu. Kumwangukia mtu shingoni ni kumwegemea, ni kumtwika uzito wako. Nani basi alikuwa anamshika mwenzake?

Tena, mguso si ishara tu. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja waliwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi la pili walitunzwa kwa utaratibu wa kawaida hadi hali zao zitulie ndipo wakawekwa kifuani. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0 ya kundi la kwanza, na asilimia 15.7 ya kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilikuwa imedhihirika. Tofauti kati ya kifo na uzima, kwa sehemu hiyo, ilikuwa kifua cha mtu.

Mtu atasema: huyo ni mtoto mchanga, mtu mzima hubebwa na Neno. Jibu ni kwamba Neno lenyewe lilifanyika mwili. Makala za Schmalkalden za mwaka 1537 zinapotaja njia ambazo Injili hutujia, hazitaji mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na funguo peke yake. Zinataja pia mazungumzo na faraja ya ndugu kwa ndugu. Luther aliyaandika hayo akiwa mume na baba. Miaka mitano baadaye binti yake Magdalena, mwenye umri wa miaka 13, alifariki mikononi mwake. Hakuna anayeweza kusema kwamba katika saa ile ni binti peke yake aliyehitaji mikono hiyo.

5. Adam

Nouwen mwenyewe, kwa neema, aliandika sahihisho la kitabu chake. Alipofika Daybreak alipewa kazi ya kumtunza Adam Arnett, kijana asiyeweza kusema wala kuvaa bila msaada, aliyesumbuliwa na kifafa. Kila asubuhi ilimpasa kumwamsha, kumwogesha, kumnyoa, kumvika na kumlisha. Mwanzoni aliogopa. Alikuwa amezoea kuwagusa watu kwa hotuba, si kwa sabuni na taulo. Baada ya muda akatambua kwamba saa zile za asubuhi zilikuwa zinamponya yeye. Adam alifariki mwanzoni mwa mwaka 1996. Nouwen akaanza kuandika juu yake, naye akafariki Septemba mwaka huo huo. Kitabu kile kilitolewa mwaka 1997.

Katika kitabu cha Adam hakuna mtoaji aliyeshiba na mpokeaji mwenye njaa. Kuna miili miwili katika bafu, na haijulikani vema nani anamtunza nani. Kwa maoni yangu kitabu hiki kidogo, kisicho na picha ya mchoraji mashuhuri, kinaufafanua mstari wa 20 vizuri kuliko kile kikubwa. Anayefundisha somo la uchungaji afadhali avisome vyote viwili pamoja na wanafunzi wake, na kwa utaratibu huo.

6. Busu lingine

Lakini haitupasi kusema juu ya mguso katika kanisa leo na kunyamaza juu ya jambo lililofuata. Aliyemwalika Nouwen katika L'Arche ni Jean Vanier, Mkanada aliyeianzisha jumuiya hiyo mwaka 1964. Vanier alifariki mwaka 2019 akisifiwa duniani kote. Mwaka 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: Vanier alikuwa amewatendea vibaya kingono wanawake wasiopungua sita waliomjia kwa uongozi wa kiroho. Taarifa ndefu ya mwaka 2023 ilitaja wanawake wasiopungua 25. Mambo hayo hayakuwa ya Nouwen. Lakini mtu akivisoma vitabu vyake leo, anavisoma akijua kilichokuwa kikitendeka katika nyumba aliyoipenda.

Wengine watajibu kwa kusema: basi mchungaji asimguse mtu yeyote. Naelewa hofu hiyo, na pale ilipowekwa sheria ya kulinda watoto na wanyonge, ishikwe bila kusitasita. Lakini Maandiko yalikwisha kuijua hatari hii. Marko na Mathayo, wanapoeleza busu la Yuda bustanini, wanatumia kataphileo, kitenzi kile kile cha baba wa mwana mpotevu (Marko 14:45, Mathayo 26:49). Luka, aliyekiweka kitenzi hicho kinywani mwa baba, hakukitumia kwa Yuda. Anaweka neno la kawaida (Luka 22:47). Ni kana kwamba hakutaka kukitia unajisi. Basi tendo moja linaweza kuwa neema au usaliti, na ukali wa busu haututambulishi lipi ni lipi.

Mfano wa Luka unatupa alama tatu za kupambanua. Alama ya kwanza ni uwazi: baba alikimbia njiani, watumishi wakiona. Mguso unaodai siri umekwisha kujishtaki. Alama ya pili ni heshima: baada ya kukumbatiwa kijana alipewa vazi, pete na viatu. Alisimamishwa kuwa mtu huru nyumbani, hakufanywa mateka wa fadhila. Alama ya tatu ni kwamba kijana alikuja kwa miguu yake, na baba hakudai malipo.

Kwa mchungaji iko na ya nne, ambayo Mileto inatufundisha. Paulo alikumbatiwa na wazee, yaani watenda kazi wenzake, wote pamoja, mahali pa wazi, baada ya sala. Mtumishi ana haja ya kweli, lakini asiitimize kwa yule aliyemjia akiomba msaada, kwa kuwa yule hana uhuru wa kukataa. Wala tusidhani kwamba Vanier alitenda vile kwa sababu alikosa upendo. Alizungukwa na upendo. Uovu wake ulikuwa wa mamlaka isiyoulizwa. Njaa ya mguso haimwachilii mtu hatia yake. Lakini kanisa linalojifanya halijui kwamba watumishi wake wana miili haliwezi hata kuwauliza wanaitimiza wapi haja hiyo.

7. Mikono yetu

Kwa nini mhakiki wa Afrika ya Mashariki aandike haya? Nouwen aliandikia watu wa Ulaya na Amerika ambao kuguswa ni jambo adimu. Kwetu hali si hiyo kabisa. Mtoto hukua mgongoni katika mbeleko. Wanaume wawili hutembea mjini wameshikana mikono wakizungumza, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Mtoto wa Kimasai huinamisha kichwa mbele ya mzee, na mzee humgusa utosini. Msibani wanawake huangukiana shingoni mlangoni kabla ya kusema pole. Mkono mmoja haulei mwana, walisema wazee, na kweli haukuwa mmoja.

Lakini utajiri huu una mipaka, nasi hatuna budi kuitaja. Katika miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoingia kwa nguvu, wagonjwa wengi walifariki wakiwa hawaguswi, ingawa ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono. Wako wahudumu wa kanisa waliowaosha na kuwalisha kwa mikono yao, na wako waliosalia mlangoni wakiomba. Mwaka 2020, kwa sababu ya COVID-19, salamu za mikono zilikatazwa katika sharika nyingi. Ilikuwa lazima. Hata hivyo wakati ule ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba kwa baadhi ya wajane na wazee wetu, salamu ya Jumapili mlangoni pa kanisa ndiyo iliyokuwa mkono wa pekee waliopata kushika juma zima.

Na mchungaji je? Mlangoni pale anashika mikono ya watu mia tatu, na kila mkono unamwomba kitu: sala, ushauri, karo, ushuhuda mbele ya mahakama ya ukoo. Anaweka mikono juu ya vichwa vya wanakipaimara. Anawashika wagonjwa. Lakini heshima tunayompa inamweka mbali. Shikamoo hupanda kutoka chini na marahaba hushuka kutoka juu, na kati yao hakuna bega. Mchungaji akifiwa na mkewe, baada ya siku chache tunataraji atuongoze katika ibada, atufariji sisi. Mchungaji mstaafu huwekwa mstari wa mbele katika sherehe, hutajwa jina, hupigiwa makofi, kisha hurudi nyumbani kwenye nyumba iliyo kimya. Mbeleko ya mzee haijashonwa.

Katika kuwekewa mikono siku ya kubarikiwa, wachungaji wote waliopo huja mmoja mmoja na kuweka mikono juu ya kichwa cha mwenzao mpya. Ni uzito wa kweli; mwenye kuwekewa huukumbuka mpaka uzee. Lakini kwa wengi wetu hiyo ndiyo mara ya mwisho wenzetu kutugusa hivyo. Yapo mambo yanayoweza kutendwa bila kuunda kamati: mikutano ya wachungaji wa jimbo ianze kwa kuombeana kwa kuwekeana mikono na kumalizika vivyo hivyo, anayehamishwa usharika asindikizwe kama pale Mileto, si kwa barua peke yake, aliyefiwa akae kwanza na wenzake wamshike kabla hajapewa kitabu cha ibada, mstaafu atembelewe na mtu asiyekuja kuomba ushauri. Mwana mkubwa asisubiri hadi atoroke ndipo akimbiliwe.

Hitimisho

Kitabu cha Nouwen kinafaa kusomwa, na kwa mwanafunzi wa theolojia ni vema akisome mapema, kabla hajajifunza kuficha njaa yake. Kimetufundisha kuitazama mikono ya Mungu. Lakini kisomwe pamoja na kitabu cha Adam, pamoja na Matendo 20, na pamoja na taarifa chungu za L'Arche, ili tusiufanye mguso kuwa ishara tupu wala kuuacha kuwa wa wenye mamlaka.

Katika Mwanzo 33:4 yuko ndugu mkubwa mwingine, Esau, aliyedhulumiwa kweli kweli. Naye alikimbia, akamkumbatia Yakobo, akamwangukia shingoni, akambusu, nao wakalia. Msomaji wa Luka anayelijua Agano la Kale anasikia sauti ya Esau katika mbio za baba, na anajua kwamba mwana mkubwa wa mfano angeweza kufanya hivyo hivyo. Yesu aliuacha mfano bila mwisho: hatuambiwi kama aliingia ndani. Rembrandt amemwacha amesimama, mikono juu ya fimbo. Kila usharika una mtu aliyesimama hivyo Jumapili hii, na si mara chache ndiye aliyevaa kanzu na stola.